Mama Yake Ali bin al-Hasan

Sarafu kongwe za Kilwa ni vipande vidogo vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na maneno ya upande mmoja yana vina na maneno ya upande wa pili. Nyingi hazina mwaka wala jina la mji. Zinamtaja Mwenyezi Mungu kwa sifa zake, zinamtaja mtawala na baba yake, basi. Jina moja limeokotwa tena na tena katika vifusi vya Kilwa Kisiwani, likaonekana Mafia, likaonekana hata Pemba: Ali bin al-Hasan. Vitabu vya zamani vinamwita sultani wa kwanza wa Kilwa. Koo nyingi za pwani zinazojiita za Kishirazi hurudisha chimbuko lao kwake, au kwa ndugu zake walioshukia bandari nyingine.

Nasaba zetu za pwani zimeandikwa hivyo: fulani bin fulani bin fulani, mpaka wino uishe. Mtu anaweza kupanda ngazi hiyo vizazi kumi na tano bila kukutana na mwanamke hata mmoja. Kwa Ali ngazi inakatika mapema, maana baba yake yupo na babu yake yupo, kisha panakuwa na mfalme wa Shirazi na giza. Lakini kati ya mababu wote wa pwani, yeye ana bahati moja ya pekee. Habari zake zimetufikia kwa njia tatu zilizoandikwa na watu wasiojuana, kwa Kireno, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na hitilafu kubwa kati ya habari hizo iko kwa wanawake wake: aliyemzaa, na aliyemzalia.

Tuanze na Mreno. João de Barros hakuwahi kuiona Kilwa. Alikuwa mtumishi mkubwa wa Casa da Índia, ofisi ya mfalme wa Ureno mjini Lisbon iliyosimamia biashara ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo habari za mabaharia zilimfikia yeye kabla ya wengi. Francisco de Almeida aliiteka Kilwa mwezi Julai 1505. Baada ya hapo habari za wafalme wa mji huo zilifika Ureno, na Barros akazitia katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake *Da Ásia*, iliyotoka mwaka 1552.

Anavyosimulia, Shirazi ilikuwa na sultani aliyeitwa Hocen, jina ambalo ni Husein au Hasan lililopita katika sikio la Mreno. Alipokufa aliacha wana saba. Mmoja wao, Ali, hakuthaminiwa na wenzake. Wale sita mama yao alikuwa Mwajemi wa ukoo mkubwa, ilhali mama yake Ali alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Ali hakupigana nao. Alichukua mkewe, watoto wake na wafuasi wachache, akaondoka Hormuz na majahazi mawili kufuata habari za dhahabu iliyosemwa kuwa inapatikana upande huu wa bahari. Alipita Mogadishu na Barawa, akakuta zimekwisha kukaliwa na Waarabu wa madhehebu tofauti na yake, akateremka kusini mpaka Kilwa. Kisiwa akakinunua kwa nguo.

Kitabu cha Kiarabu kina jina zuri, *Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa*. Mwandishi wake hakujitaja, ila ametuambia alizaliwa tarehe 2 Shawwal 904 Hijria, yaani Mei 1499. Basi alikuwa mtoto wa miaka sita majahazi ya Almeida yalipotia nanga mbele ya mji wao. Aliahidi utangulizi na milango kumi, lakini nakala tuliyonayo inakatika katika mlango wa saba. Nakala yenyewe iliandikwa Unguja mwaka 1877, ikafika kwa John Kirk, balozi wa Uingereza, na leo imehifadhiwa London. S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895.

Humo hakuna ugomvi wa ndugu. Sultani wa Shirazi anaota ndoto: panya mwenye mdomo wa chuma anautafuna ukuta wa mji. Anajua maana yake kuwa nchi itabomoka, anawakusanya wanawe sita, na wote wanasafiri kwa majahazi saba. Kila jahazi linashukia pake. La nne linafika Mombasa, la tano Pemba, la sita Kilwa, na la saba Hanzuani, kisiwa tunachokiita Nzwani. Wenye majahazi sita ya kwanza walikuwa ndugu, kinasema kitabu, na aliyefika Hanzuani ndiye baba yao.

Waliofika Kilwa walimkuta Mwislamu mmoja, Muriri wa Bari, akikaa na watu wa nyumbani kwake, na msikiti ulikuwapo. Mwenye kisiwa alikuwa mfalme asiye Mwislamu, amekwenda bara kuwinda. Muriri akawa mkalimani wao. Mfalme aliporudi alikubali kuuza kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, nguo zikatandazwa, akazichukua akavuka kwenda bara. Nyuma yake Ali akachimba mahali pa kuvukia wakati wa maji kupwa, bahari ikaingia, na Kilwa ikawa kisiwa usiku na mchana. Watu wakampa Ali lakabu ya Nguo Nyingi. Mama yake hatajwi.

Ukiziweka habari hizi mbili pamoja utaona zinakubaliana katika mengi ambayo hayakuwa lazima zikubaliane: jina la Ali, jina la baba, Shirazi, hesabu ya saba, na kisiwa kulipiwa nguo. Zinaachana kwa tarehe, maana kitabu cha Kiarabu kinaiweka safari katikati ya karne ya tatu ya Hijra, miaka ya 800 ya Kizungu, ilhali Barros anaiweka miaka sabini na kitu baada ya kujengwa kwa Mogadishu na Barawa, anakodai kulifanyika karibu mwaka 400 wa Hijra. Hiyo inatufikisha karibu 1080. Tofauti ya karne mbili si ndogo. Na zinaachana kwa yule mama wa Kihabeshi.

Nani aaminiwe? Mtu anayepima nyaraka za ukoo huwa na kanuni moja aliyojifunza kwa uzoefu: habari inayomshusha mwanzilishi ina nguvu kuliko ile inayomkweza, kwa sababu wajukuu hawana faida ya kuitunga. Wafalme wa Kilwa wangempenda babu aliyezaliwa na binti wa kifalme. Aliyewasimulia Wareno kwamba babu huyo alizaliwa na mjakazi hakuwa akiwapamba. Kwa upande huu nasimama na Barros.

Ila kuna jambo linalonizuia kusimama kwa miguu yote miwili. Kisa cha mtoto wa mjakazi wa Kihabeshi anayedharauliwa na ndugu zake, kisha akawapita wote, kilikuwa kikijulikana na kila msikilizaji wa hadithi za Kiarabu. Antara bin Shaddad, shujaa na mshairi wa kabla ya Uislamu, alizaliwa na Zabiba, mjakazi wa Kihabeshi, na babake alichelewa kumkiri. Msimuliaji wa Kilwa aliyetaka kueleza kwa nini mwana wa mfalme aliacha nchi yake alikuwa na kisa tayari kinywani. Huenda alikiazima. Huenda pia hakuwa na haja ya kukiazima, maana wanawake wa Kihabeshi walikuwamo kweli katika nyumba za wakubwa wa Ghuba na Uajemi, wakizaa watoto waliotwaa majina ya baba zao.

Na dharau ya ndugu zake, kama ilikuwapo, haikuwa na msingi wa kisheria. Katika sheria ya Kiislamu mtoto ambaye bwana amezaa na suria wake na kumkiri ni huru tangu kuzaliwa, na hurithi sawasawa na watoto wa mke wa ndoa. Unguja wanalijua jambo hili kwa kuliona. Sayyid Said bin Sultan, watoto aliowaacha alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria, na kati yao ndimo walimotoka masultani waliomfuata. Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, mama yake alikuwa Mhabeshi. Kwa hiyo kitabu cha Kilwa kilinakiliwa mwaka 1877 katika mji ambao mtawala wake mwenyewe alikuwa mwana wa mama wa Kihabeshi, na hakuna aliyeona hilo linapunguza usultani wake. Mwandishi wa karne ya 16 aliyemnyamazia mama yake Ali hakulazimika kufanya hivyo kwa aibu. Inatosha kwamba nasaba, jinsi ilivyoandikwa, haikuwa na mahali pa kumweka.

Habari ya tatu ndiyo iliyodharauliwa zaidi na wanazuoni. Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni na baadaye mwalimu wa Kiswahili Berlin, alikusanya maandishi ya Waswahili na kuyachapisha mwaka 1907. Miongoni mwake kuna habari za zamani za Kilwa, kwa Kiswahili, kama wazee wa huko walivyozipokea. Ni changa kwa karne tatu na nusu kuliko za Barros. Majina yamechanganyika, kwani hapa Mshirazi anaitwa Ali bin Selimani. Mwanahistoria anayependa tarehe ataipitia haraka na kuiweka kando.

Lakini isome pole pole. Haianzi na Shirazi hata kidogo. Inaanza na waliokuwa na kisiwa: makabila yaliyojenga Kilwa kwanza, na mkubwa wao, Mrimba, Mmachinga. Mgeni anakuja na jahazi na bidhaa zake, anampa Mrimba zawadi, anaomba kukaa, anakubaliwa. Kisha anamposa binti wa Mrimba na kumwoa. Anakaa na watu kwa wema. Baadaye anamwomba mkwewe amwachie kisiwa, Mrimba anataka nguo, nguo zinatolewa, naye anahamia bara. Yule binti anazaa mtoto wa kiume. Mtoto anapokua anasafiri kwenda kumwona babu yake mzaa mama, na babu anampa mamlaka yake.

Angalia mahali hadithi hii inapoweka haki ya kutawala. Katika Kiarabu na Kireno kisiwa kinanunuliwa, na biashara inaishia hapo. Katika Kiswahili kununua hakutoshi. Nguo zinampatia mgeni mahali pa kukaa, ila utawala unamfikia mtoto, tena kwa mkono wa baba wa mama yake. Ali mwenyewe ni mkwe tu. Mfalme wa kwanza mwenye haki kamili ni mjukuu wa Mrimba.

Kisa hiki hakiko peke yake. Habari za Pate zinaeleza jinsi Mnabahani Suleiman alivyofika kutoka Uarabuni, akamwoa binti wa mfalme wa Kibatawi, na ufalme ukahamia kwake kama zawadi ya arusi. Mombasa inamkumbuka Mwana Mkisi, malkia aliyetangulia kabla ya Shehe Mvita. Pwani nzima imejaa masimulizi ambamo ufalme umekaa upande wa mwanamke kwanza, ndipo mwanamume mwenye nasaba ndefu anapouingia kwa mlango wa ndoa.

Karne ya 20 ilileta sepeto. Mwingereza Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake katika juzuu mbili mwaka 1974. Chini kabisa, chini ya msikiti mkuu na majumba ya mawe, alikuta kijiji cha wavuvi na wafua vyuma walioishi hapo tangu karne ya tisa hivi, wakitumia vyungu vya kienyeji na kununua kiasi kidogo cha bidhaa za ng'ambo. Mrimba na watu wake wakapata makazi, kama si majina. Sarafu za Ali bin al-Hasan zilionekana juu sana ya kijiji hicho, na kwa kupima tabaka za udongo Chittick alimweka Ali mwishoni mwa karne ya 12. Maoni yake yalikuwa kwamba Washirazi hawakutoka Uajemi moja kwa moja. Walishuka kutoka pwani ya Banadir baada ya kukaa huko vizazi kadhaa.

Hesabu hiyo ilivunjwa na Pemba. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, ilipatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo mno, pamoja na dinari chache za dhahabu za nchi za Kiislamu. Ile ya karibuni kabisa kati ya zenye tarehe ilikuwa ya mwaka 1066. Katika sarafu za watawala wa kienyeji lilikuwamo jina la Ali bin al-Hasan. Mark Horton na wenzake waliozichunguza wakamrudisha nyuma zaidi ya karne moja, mpaka nusu ya pili ya karne ya 11. Mtu wa fedha halisi, aliyechapisha jina lake, aliishi karibu na mwaka ule ule ambao hesabu ya Barros inatupeleka. Mreno aliyekaa Lisbon alikuwa na tarehe sahihi kuliko mwandishi wa Kilwa, na kuliko mwanaakiolojia aliyepiga kambi kisiwani.

Miaka michache baadaye, mwaka 500 Hijria, yaani 1107, fundi alichonga maandishi ya Kikufi kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kwa mtindo ambao wataalamu waliufananisha na wa Siraf. Siraf ilikuwa bandari ya nchi ya Fars, ambayo mji wake mkuu ni Shirazi. Mas'udi, aliyesafiri kutoka pwani hii kurudi Oman mwaka 916, anawataja wenye vyombo wa Siraf kuwa ndio waliozoea njia hiyo. Shirazi yenyewe haina bahari. Aliyejiita Mshirazi huku kwetu alipitia bandari fulani, na pengine aliitwa kwa jina la mji mkuu kwa kuwa ndio uliojulikana.

Hata hivyo wanahistoria wengi wa kizazi cha baada ya uhuru waliikataa safari hiyo kabisa. James de Vere Allen, Thomas Spear na Randall Pouwels, kila mmoja kwa hoja zake, waliona kwamba Ushirazi ulikuwa zaidi dai la hadhi kuliko kumbukumbu ya safari: ukoo wa hapa hapa uliojitengenezea mzizi wa mbali ili uheshimiwe. Naelewa walichokuwa wakipigana nacho. Kwa miaka mingi waandishi wa kikoloni walieleza kila ukuta wa mawe wa pwani kuwa kazi ya wageni, na Mwafrika akabaki mtazamaji katika mji wake. Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya nane, wa kwanza wa miti, uliotosha watu wachache, alionyesha kwamba Uislamu na mji vilikua mahali pale pale, kidogo kidogo, kabla ya Ali wa Kilwa kuzaliwa. Kitabu cha Kiarabu kilikuwa kimesema hivyo muda wote: Muriri wa Bari alikuwapo, na msikiti ulikuwapo.

Na neno lenyewe lilikuwa na moto. Chini ya Waingereza, Unguja na Pemba, kuandikwa Mshirazi, Mwarabu au Mwafrika kulihusu mgao wa chakula wakati wa vita na baadaye kura. Afro-Shirazi Party iliundwa mwaka 1957, na jina lake tu linaonyesha kwamba watu hawakukubaliana Mshirazi ni nani. Familia moja iliweza kuwa na ndugu wawili walioandikwa tofauti. Katika hali hiyo, kuuliza kwa utulivu ni nani alikuwa baba wa Ali, na nani mama yake, kulikuwa kugumu.

Machi 2023 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani kati ya 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara nchini Kenya. Miji hiyo ni pamoja na Mtwapa, Manda, Songo Mnara na Kilwa yenyewe. Waliouongoza ni Esther Brielle na David Reich wa Harvard, pamoja na wanaakiolojia waliochimba makaburi hayo, akiwamo Mkenya Chapurukha Kusimba, ambaye Mtwapa ni kazi yake ya miaka mingi.

Kipimo chenyewe kinafaa kuelezwa, kwa sababu kinafanya kitu ambacho nasaba zetu hazikuwahi kufanya. Ndani ya chembe za mwili kuna DNA ya mitokondria, ambayo kila mtu huipata kwa mama yake, na mama kwa mama yake, bila mwanamume kuigusa. Kuna pia kromosomu Y, ambayo mwana huipata kwa baba tu. Ukisoma zote mbili katika mfupa mmoja unapata ngazi mbili, ya kuumeni na ya kukeni, kila moja peke yake. Tena, watu wa asili mbili wanapooana, vipande vya DNA walivyoleta huwa virefu mwanzoni, na kila kizazi hukatika vikawa vifupi. Ukipima urefu wake unahesabu vizazi, na unajua kwa makadirio kuoana kulianza lini.

Matokeo yalikuja hivi. Kwa wengi wa waliozikwa katika miji ile, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na iliwafikia hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa nyingine, mara chache hata zaidi ya nusu, ilitoka Asia, na katika hiyo ya Asia asilimia 80 hadi 90 ilitokana na wanaume wa Kiajemi, iliyobaki ikielekea India. Kuoana kulianza karibu mwaka 1000. Kabla ya 1500 asili ya ng'ambo ilikuwa ya Kiajemi zaidi, na baada ya hapo ya Uarabuni ikawa inaongezeka.

Habari hizi zilipotangazwa wengi walishangilia kwamba kitabu cha Kilwa kimethibitishwa. Ni kweli kwa baba. Wanaume wa Kiajemi walifika, na walifika katika karne ambayo sarafu za Ali zinaielekea. Waliosema Ushirazi wote ni uzushi wa kujikweza inabidi waanze hoja yao upya. Wenzao waliosema pwani ilijengwa na wageni nao hawana pa kusimama, kwa sababu kila nyumba kati ya hizo ilikuwa na mama wa hapa.

Mimi naona jambo jingine ambalo halikutangazwa sana. Barros anasema Ali alikuja na mkewe na watoto. Kitabu cha Kiarabu kinahamisha ukoo mzima kwa majahazi saba. Kama ndivyo walivyohamia watu hao kwa kawaida, mabibi wa Kiajemi wangeacha alama yao katika ile ngazi ya kukeni. Hawakuiacha. Laini za mama zilizosomwa katika mifupa ni za Kiafrika kwa wingi mkubwa. Habari pekee kati ya zile tatu inayoeleza kilichotokea, mgeni mwanamume akiomba binti wa mwenye mji na watoto wakizaliwa kwa binti huyo, ni ile ya Kiswahili, iliyoandikwa mwisho, yenye jina la sultani lililochanganyika. Kwa baba ilikosea. Kwa mama ilihifadhi kweli kwa miaka zaidi ya mia nane, bila kitabu.

Si ajabu kwamba ilihifadhiwa kwa lugha hiyo. Watoto wa nyumba kama ile ya Kilwa walijifunza kusema na kina mama zao na wajomba zao. Baba aliweza kuwafundisha sala, jina lake na hesabu za biashara, lakini Kiswahili walichokua nacho ni lugha ya Kibantu toka mizizi mpaka viambishi, na Kiajemi kimebakiza humo maneno tu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, chini ya Sultani al-Hasan bin Suleiman wa ukoo wa Mahdali uliokuwa umekwisha kuwapokea Washirazi ufalme, aliandika kwamba wengi wa wakazi wake ni Wazanji weusi sana wenye chale usoni. Shirazi hakuitaja. Aliona watu wa mji wao.

DNA haikumpata Ali. Makaburi yaliyochunguzwa yanaanza karne mbili baada yake, na mengi yako karibu na misikiti, mahali pa wenye uwezo; wavuvi na wakulima walizikwa kwingine. Mama yake wa Kihabeshi amebaki kwenye karatasi ya Barros. Namwamini kuliko ninavyomtilia shaka, kwa ile sababu ya kwamba hakuna aliyefaidika kumtunga, na pia kwa kuwa anaeleza jambo ambalo ndoto ya panya haielezi: kwa nini mwana wa mkubwa avuke bahari asirudi tena. Kama alikuwapo, basi Ali alifika Kilwa akiwa tayari nusu mtu wa upande huu wa bahari, na watoto aliozaa na binti wa Mrimba walikuwa na bibi wawili wa Kiafrika, mmoja wa kaskazini na mmoja wa Kilwa.

Binti huyo wa Mrimba simulizi haimtaji kwa jina. Inasema alikuwa binti wa nani, mke wa nani, na mama wa nani. Wanaochunguza koo za pwani leo wanaweza kumtafuta mwenziwe wa vizazi vya karibu kwa njia ambayo karatasi za nasaba hazitoi: hati za waqfu na mirathi, ambamo wanawake wanatajwa kwa majina kamili kwa sababu walikuwa na mali, na vikao vya bibi wazee, ambao hukumbuka nani alimnyonyesha nani.

Na wanaweza kwenda kwenye visiwa ambako jahazi la saba lilitia nanga. Ngazija mtoto ni wa ukoo wa mama yake, unaoitwa inya, na kuna mali iitwayo manyahuli inayopita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, ambayo mwanamume hutunza tu. Nzwani, alikoshukia yule baba wa ndugu sita, baba humjengea binti yake nyumba, na mume huhamia humo siku ya arusi. Koo za Kishirazi za visiwa hivyo zina nasaba zao za baba kwa baba, zimeandikwa vizuri kwa Kiarabu, nazo huhifadhiwa ndani ya nyumba za wanawake.